Barazani Hatuulizani Kazi

Mwaka 2015 nilihamishiwa Tanga kufundisha hisabati katika shule ya sekondari, nikapanga chumba Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara ambazo badala ya majina zimepewa namba. Nyumba ya tatu kutoka kwangu ilikuwa na baraza ndefu ya saruji, na juu ya baraza hiyo, kila siku watu wakishatoka kusali alasiri, liliwekwa bao. Kwetu Singida nilikuwa nimecheza bao la kuchimba ardhini nikichunga mbuzi, kwa hiyo nilisogea pale nikiamini kwamba mchezo ninaujua. Jioni ile ile nilifungwa mara 4 mfululizo, mara mbili kati ya hizo nikiwa bado na kete mkononi, na mzee aliyenifunga hakucheka wala hakunipa pole. Aliniambia tu, "Kesho uje mapema, Mwalimu, ukae utazame." Hakuwa ameniuliza kazi yangu. Aliiona chaki kwenye mkono wa shati.

Baada ya hapo sikumbuki mtu yeyote kuizungumzia kazi yangu kwa muda mrefu, wala sikusikia ya mtu mwingine ikizungumzwa. Watu walitambulikana kwa uchezaji wao. Kulikuwa na yule anayeilinda nyumba yake, lile shimo kubwa la mraba, mpaka inafikisha kete 15 kabla ya kuigusa. Kulikuwa na yule anayependa kuanzia kichwa cha kushoto, shimo la mwisho la upande huo, hata pale ambapo kulia kuna faida zaidi. Kulikuwa na kijana ambaye akichota kete huzipulizia kwanza kama mtu anayepoza uji. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64, ambazo sisi tunatumia mbegu za mkomwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, naye huzinamua, yaani huziingiza ubaoni moja moja, mpaka zimwishie, ndipo mchezo unapoingia kwenye mtaji, unaochezwa kwa kete zilizo ubaoni tu. Namua peke yake inatosha kukuonyesha mtu ana subira kiasi gani, ana tamaa kiasi gani, na kama akikosea hujilaumu mwenyewe au huulaumu ubao. Nilidhani kwamba inatosha pia kunionyesha mtu huyo anapata wapi riziki yake.

Hilo lilikuwa kosa la mwalimu wa hisabati, ambaye akipewa jibu hataki kutulia mpaka alifikie swali lake. Nilianza kubashiri kimoyomoyo. Mzee aliyenifunga siku ya kwanza aliweza kuufuata mzunguko mzima kwa macho bila kugusa kete, na shimo lililojaa alilijua idadi yake kwa kulitupia jicho mara moja, kwa hiyo nikamweka katika fungu la wahasibu, labda mstaafu wa benki. Mwenye pupa nikamfanya dereva wa bajaji, na mpole nikamfanya fundi cherehani. Nilikuwa na orodha nzima kichwani, na katika orodha hiyo hakuna hata mmoja niliyempatia.

Yule mzee alikuwa mkata mkonge. Nilikuja kulijua hilo siku moja mvua ilipotuzuia kucheza, tukabaki tumebanana ukutani tukisubiri itulie. Alikata mkonge tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Baba yake alikuja kutoka Songea akiwa manamba, mmoja wa wale waliopewa namba na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, nacho kipande hiki kikafuatwa na kingine hadi habari ya kurudi kwao ikasahaulika. Aliniambia kwamba majani ya mkonge hufungwa 30 kwa kila mzigo, na kwamba mkataji huingia shambani alfajiri ili jua la saa sita limkute ameshamaliza kipimo chake. Nikadakia palepale: kumbe ndiyo sababu anaijua idadi kwa kutazama! Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi walionakili jibu la jirani.

"Bao nilijifunza nina miaka 7, Mwalimu. Panga nimelishika nina 17. Sasa kipi kilimfundisha mwenzake?"

Ili nisionekane nimeshindwa kabisa, nikamsimulia niliyoyasoma: kwamba mkonge wenyewe ulifika pwani hii mwaka 1893, ukiletwa kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf, kwamba njiani miche mingi ilikufa, ikabaki 62 tu iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kwamba kutokana na hiyo ndipo yalipotokea mashamba yote yaliyokuja kuipa Tanganyika jina duniani. Mzee alifikiri kidogo.

"Sitini na mbili," akasema. "Zilipungua kete mbili tu."

Baada ya kufungwa hivyo nje ya ubao ningepaswa kuacha kubashiri, lakini niliendelea, na mara hiyo nikaingia gharama. Miongoni mwetu alikuwapo bwana mmoja wa makamo, mcheshi, ambaye alikuwa akija kila siku na kucheza mpaka giza linaingia. Halafu akatoweka. Siku 3 zikapita, zikafika 10. Nilipouliza, mmoja alinijibu "Yupo," mwingine akasema "Atakuja," wote kwa sauti ya watu wasiotaka kusumbuliwa katikati ya hesabu. Nikahitimisha kwamba anaumwa na kwamba wenzake wanamsitiri kwa kuwa hana fedha za matibabu. Nikafungua ukurasa kwenye daftari langu, nikaandika majina, nikapitisha mchango. Hakuna aliyenikatalia, nadhani walitaka kuona nitafika wapi. Zilipatikana shilingi 14,000, nyingi zikiwa zangu. Siku ya kumi na saba mgonjwa alitokea, macho mekundu kwa kukesha lakini mwenye afya kuliko mimi, na nilipomkabidhi bahasha baraza nzima iliangua kicheko. Muuza kahawa peke yake ndiye aliyenihurumia. "Mwalimu," alisema huku akisuuza vikombe, "huyu ukimkosa, tazama mwezi."

Alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola, kwa sababu hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, na taa ya mvuvi inakosa cha kuwavutia. Kwa hiyo tangu mwezi unapokaribia kujaa mpaka unapoanza kuchelewa kuchomoza, yeye yuko nchi kavu, asubuhi anashona nyavu na jioni anacheza bao. Giza likirudi, saa ambazo sisi tunapanga kete yeye anashuka kwenye mwalo wa Deep Sea na wenzake. Tangu siku hiyo ninaweza kuijua tarehe ya mwezi kwa kutazama nani ameketi barazani. Zile shilingi 14,000 zilinunua kahawa na kashata kwa siku kadhaa, na mgonjwa alikunywa kuliko wote.

Kwa mvuvi huyo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikuwa nikilitafuta. Kazi ya mtu haikuniambia lolote kuhusu namna anavyocheza; iliniambia anacheza lini. Wapita njia wanatuita wavivu, na mimi mwenyewe hapo mwanzo nilijiuliza watu wazima wanaoketi saa kumi alasiri wanaishije. Wanaishi kwa kazi ambazo saa zake hazifuatani na za ofisi. Mlinzi wa ghala huingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Hulala mpaka adhuhuri, na katika kipande cha mchana kinachombakia tumo sisi. Ikifika saa kumi na moja na nusu, hata awe anakaribia kushinda, husimama, huchukua koti lake, na aliye nyuma yake huketi na kurithi mchezo kama alivyoukuta. Mwoka mikate, ambaye siku yake huanza saa nane usiku, hucheza michezo miwili tu, kwa maana saa moja jioni anatakiwa awe kitandani. Vijana wawili wa kiwandani Pongwe huonekana wiki hii na kukosekana ijayo, kwa kufuata shifti. Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa baraza, ndiye pekee anayecheza akiwa kazini: mteja akija na pancha huinuka katikati ya namua, kete zake amezishika mkono wa kushoto, na zaidi ya mara moja nimemwona akisugua tyubu kwa msasa huku akimtajia mwenzake kwa sauti shimo analotaka liliwe. Upande wake wa ubao umekuwa mweusi kwa grisi, na mgeni haambiwi asikae pale, anaona mwenyewe.

Watu wa bandarini ndio walionifunza zaidi, kwa kuwa saa zao zilibadilika nikishuhudia. Nilipofika Tanga meli kubwa hazikuweza kufunga gatini, kwani kina cha maji pale kilikuwa mita 3 hivi; zilitia nanga mbali, umbali wa karibu kilomita 1.7, mizigo ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka gatini, na mizigo ile ile ikapakuliwa mara ya pili. Meli moja ilikuwa kazi ya siku nyingi, na siku hizo zote vibarua wanne au watano wa baraza yetu walikuwa hawaonekani. Meli ikiondoka walirudi kwa pamoja, wana fedha, wamechoka, na bao likachezwa mpaka usiku kwa mwanga wa simu. Kisha bandari ikachimbwa hadi mita 13, gati mbili zenye jumla ya urefu wa mita 450 zikakamilika, na meli zikaanza kusogea zenyewe. Sasa vibarua wetu hawapotei kama zamani. Mmoja wao anasema kazi imekuwa nyepesi na mfuko nao umekuwa mwepesi. Mwingine anasema meli zimeongezeka na mfuko uko palepale. Wanabishana hivyo huku wanacheza, na sijawahi kumsikia mmoja akimkubalia mwenzake.

Anayetutazama kwa jicho kali kuliko wote ni mama anayekaanga mihogo ng'ambo ya barabara. Bao alifundishwa na babu yake, na mara mojamoja, akigeuza mihogo kwenye karai, hutamka shimo ambalo mchezaji alipaswa kulicheza. Mara zote ninazozikumbuka alikuwa sahihi. Siku moja nilimwomba avuke aje acheze, nikamwachia hata nafasi yangu.

"Saa yenu ya kucheza ndiyo saa yangu ya kuuza," alinijibu. "Nikikaa mimi, nani atageuza?"

Naye mtu wa bandarini aliyekuwa amepoteza nyumba yake kwa kutomsikiliza akanunua mihogo ya shilingi 500.

Mwaka 2019 kete moja ilipotea. Kila jioni ubao unapofungwa kete huhesabiwa, na jioni hiyo zilikuwa 63; tulipekua chini ya mikeka, ndani ya viatu, hata kwenye mtaro, na hatukuipata. Mkomwe haupatikani kila mahali mjini, hivyo fundi baiskeli akaingia kibandani na kutoka na gololi iliyochomolewa kwenye beringi ya lori, kubwa kiasi cha kushikika. Tumeizoea. Ni nzito kuliko kete nyingine, inang'aa, na ikidondoka shimoni hutoa mlio wake, kwa hiyo hata aliyefumba macho anajua imelala wapi. Wapo wanaoamini kwamba nyumba yenye gololi haifungwi, na wapo wanaoikimbia. Mimi huitazama na kuwaza kwamba katika vitu vyote vilivyo kwenye ubao ule, ni hiyo peke yake iliyotokana na kazi ya mmoja wetu.

Mwaka 2022 nilichaguliwa kuwa karani wa Sensa ya Watu na Makazi, kama walimu wengine wengi. Katika mafunzo tulielekezwa namna ya kuuliza juu ya shughuli ya mtu na namna ya kuijaza katika kishikwambi, nami muda wote nilikuwa nikiifikiria baraza yetu. Mvuvi anayeshona nyavu za wengine mwezi ukiwa mpevu, ajazwe kama nani? Muuza kahawa, ambaye asingekuwa na wateja kama sisi tusingecheza, je, sisi tumo katika kazi yake au yeye yumo katika mchezo wetu? Nikamkumbuka na Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, ambaye tangu mwaka 1926 hadi 1944 alikula mshahara wa forodha. Karani angemwuliza kazi yake miaka hiyo, angejibu kwamba yeye ni karani wa forodha, na jibu lingekuwa sahihi kabisa. Kabla ya kuanza tuliapishwa kutunza siri ya majibu ya watu, na kiapo hicho nimekishika: katika haya ninayoyasimulia hamna hata neno moja lililotoka mlangoni kwa mtu siku zile. Nalisema hili kwa sababu mwaka uliofuata nilitoa siri ambayo hakuna aliyeniapisha kuitunza.

Kulikuwa na bwana mmoja mtaratibu aliyekuwa akija amevaa kanzu na kofia, siku za kazi akichelewa kidogo na Jumamosi akiwahi. Hakuwa bingwa, lakini alikuwa mtu anayecheka akifungwa, jambo ambalo kwetu ni adimu. Katikati ya mwaka 2023 nilikwenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi za kiwanja changu, nikamkuta nyuma ya meza amevaa tai, na watu wapatao 20 wamejipanga kwenye mabenchi wakimsubiri. Aliniona. Zamu yangu ilipofika alinishughulikia kama wengine, hakunipendelea wala hakunichelewesha, na nilipoinuka alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tutaonana barazani," akiliwekea uzito neno la mwisho. Neno nililisikia. Uzito sikuusikia.

Jioni ile nilifika kabla yake, nikasema. Sikusema kwa ubaya. Kama kulikuwa na kitu moyoni basi kilikuwa fahari, kwamba kumbe miongoni mwetu yumo mtu wa namna hiyo. Ndani ya wiki moja alikuwa amewekewa mkeka mpya. Kahawa yake ililipiwa na watu ambao hawajawahi kunilipia yangu. Kijana mmoja alikuja na bahasha ya karatasi za upimaji na kumfungulia kwenye magoti akiwa katikati ya mtaji. Bwana yule alizikunja taratibu, akamrudishia, akamwambia ofisi inafunguliwa kesho.

Alhamisi moja alikuwa akicheza na mmoja wa vibarua wa bandarini, ambaye mama yake alikuwa na mgogoro wa mpaka wa kiwanja. Bado walikuwa kwenye namua. Nyumba ya bwana yule ilikuwa imefikisha kete 13, gololi ikiwa juu yake inang'aa, na shimo la kibarua lililokabiliana nayo lilikuwa na kete. Ilibaki kunamua pale tu na kuila. Baraza nzima iliiona. Kibarua alichukua kete yake, mkono ukakaa juu ya ubao kwa muda, kisha akaipeleka pembeni kabisa, kwenye kimbi, akala kete mbili. Ng'ambo ya barabara mwiko ulinyamaza kwenye karai. Bwana yule aliitazama nyumba yake, halafu akamtazama mwenzake.

"Nyumba hukuiona?"

"Sikuiona, mheshimiwa."

Kabla ya hapo walikuwa wakiitana "wewe." Aliumaliza mchezo, akashinda. Alizihesabu kete zote kwa mkono wake, akazitia kwenye mfuko wa kitambaa, akatupa mkono mmoja mmoja kama mtu anayesafiri, na hakurudi.

Siku chache baadaye nilimweleza yule mzee wa mkonge kwamba laiti ningejua, nisingewaambia. Alikuwa akipanga kete, na hakuacha kupanga.

"Kwani ulituambia nini, Mwalimu? Mimi kiti chake nimekijua tangu mwaka 2016. Shamba langu kalipima yeye. Ulinisikia siku hata moja nikikitaja?"

Mwaka jana, Jumamosi moja, nilikuwa nikiendesha baiskeli kuelekea Sahare nikakuta watu chini ya mwembe wamelizunguka bao. Nilipunguza mwendo kama ninavyofanya siku zote. Alikuwa ameketi upande unaoielekea barabara, amevaa kanzu, mkono uko juu ya ubao, na kijana mmoja aliyesimama nyuma yake alikuwa akimfokea, "Cheza bwana, unatuchosha!" Alikuwa anacheka. Hajaniona bado. Kwa adabu ya hapa, kuwapita watu waliokaa bila kutoa salamu ni tusi, na midomo nilikuwa nimeshaifungua. Nikashusha mguu, nikageuza baiskeli, nikarudi kwa njia niliyojia.